Je, nimeze vidonge vya triptofani ili nipate usingizi?

Swali: "Nina umri wa miaka 41 na uzito wa kilo 62. Kwa miezi minne sasa natumia dawa ya sonona iitwayo fluoksetini, miligramu 20, ninayoimeza baada ya chakula cha usiku ili nisiisahau. Mara moja moja, kipandauso kinaponizidi, nameza kidonge cha sumatriptani. Sonona imepungua sana, lakini usingizi umenipotea: nalala saa sita usiku, naamka saa nane, kisha naangalia dari hadi kunapambazuka. Dada yangu ameniletea chupa ya triptofani, kila kidonge miligramu 500, na maelezo yake yanasema nimeze viwili hadi vitatu kabla ya kulala, tumbo likiwa tupu. Anasema hiyo si dawa bali ni asidi amino iliyomo kwenye maziwa na mayai, kwa hiyo haiwezi kudhuru. Je, ni kweli? Na kama haifai, niache na maziwa ninayokunywa usiku?"

Jibu: Dada, nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake kwa kirefu, kwa kuwa sababu ndizo zitakazokufaa siku utakapoletewa chupa nyingine. Usimeze vidonge hivyo wakati unatumia fluoksetini, hata kimoja cha kujaribu, na kama umekwisha kumeza kimoja au viwili bila kuona tatizo, ishia hapo hapo. Dada yako amesema kweli kwamba triptofani imo katika maziwa na mayai. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba kitu kilichomo katika chakula hakiwezi kuwa na nguvu ya dawa kikitolewa humo, kikasafishwa na kushindiliwa kwenye kidonge.

Protini zote za mwili, kuanzia zile za misuli hadi vimeng'enya vya ini, zimejengwa kwa asidi amino za aina 20. Kati ya hizo, 9 huitwa muhimu, si kwa sababu zile 11 nyingine hazina kazi, bali kwa sababu mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe na hulazimika kuzipata kwenye chakula. Triptofani ni mojawapo ya hizo 9. Ndiyo yenye molekuli nzito kuliko zote 20, na ni miongoni mwa zile zilizo adimu kabisa, kwani katika protini za kawaida za chakula huwa ni kiasi cha asilimia 1 tu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, mtu mzima huhitaji miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa kilo zako 62, hiyo ni kama miligramu 250. Glasi moja ya maziwa hukupa takribani 100, yai moja 80 hivi, na gramu 100 za nyama ya kuku iliyopikwa hukupa zaidi ya 300, kwa hiyo mtu anayekula protini ya kutosha huvuka mahitaji yake bila hata kujua. Sasa weka kando ya hesabu hiyo maelezo ya chupa yako. Vidonge viwili hadi vitatu ni miligramu 1,000 hadi 1,500, yaani mara nne hadi sita ya mahitaji ya siku nzima, kwa mkupuo mmoja, bila chakula chochote cha kuisindikiza. Neno hili la mwisho, kuisindikiza, nitalirudia, kwa sababu ndilo linalotenganisha maziwa yako na chupa ya dada yako.

Aliyeitenga asidi hii kwa mara ya kwanza ni Mwingereza Frederick Gowland Hopkins, akishirikiana na Sydney Cole, mwaka 1901, kutoka katika kaseini ambayo ni protini ya maziwa. Mwaka 1906 yeye na Edith Willcock waliwalisha panya chakula ambacho protini yake ilikuwa zeini peke yake, protini ya mahindi isiyo na triptofani. Panya hao walizorota na kufa upesi; wenzao waliowekewa triptofani kidogo katika chakula hicho hicho waliishi muda mrefu zaidi na kuonekana wachangamfu, ingawa nao hawakukua, kwa kuwa zeini ina upungufu wa lisini pia. Jaribio hilo lilionyesha wazi kwamba wingi wa protini peke yake hautoshi. Gelatini, kwa mfano, ni protini tupu isiyo na triptofani hata chembe, na mtu aliyeitegemea peke yake angedhoofika huku akidhani anakula vizuri.

Triptofani ikishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, sehemu yake huingia katika ujenzi wa protini, na ile inayozidi haiwekwi akiba kama mafuta yanavyowekwa, huvunjwa. Ni hapa ambapo maelezo ya chupa nyingi hupotosha kwa kunyamaza. Chupa husema kwamba triptofani hugeuka kuwa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, na msomaji huelewa kwamba kila anachomeza kitafika huko, ilhali takribani asilimia 95 ya triptofani inayovunjwa hupita njia nyingine kabisa, iitwayo njia ya kinurenini, hasa ndani ya ini, na ni asilimia 1 au 2 tu hivi inayoishia kuwa serotonini. Isitoshe, ini lina mizani yake yenyewe: kimeng'enya kinachoifungua njia hiyo huongezeka pale triptofani inapoongezeka kwenye damu, na huongezeka pia homoni ya kotisoli inapopanda, hivyo kadiri unavyomeza zaidi ndivyo ini linavyokazana kuivunja. Mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, kimeng'enya kingine cha nje ya ini huamka na kuichota triptofani kuelekea njia hiyo hiyo.

Njia ya kinurenini si jaa la takataka, kwa sababu mwishoni mwake mwili hupata niasini, yaani vitamini B3, au kwa usahihi zaidi hupata vile viambata ambavyo niasini ingetengeneza. Hesabu inayotumika ni kwamba miligramu 60 za triptofani hutoa miligramu 1 ya niasini, na kazi hiyo inahitaji vitamini B6, vitamini B2 na madini ya chuma. Uhusiano huu ulichelewa kugunduliwa na uligharimu maisha ya watu wengi. Ugonjwa wa pelagra, wenye dalili za ngozi kuchubuka na kuwa nyeusi sehemu zinazopigwa na jua, kuharisha, na akili kuvurugika, ulienea kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 miongoni mwa maskini waliokula mahindi karibu kila mlo. Wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza, hadi Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alipoonyesha kwamba chanzo chake ni chakula na kwamba maziwa na nyama huuponya. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem aligundua kwamba asidi ya nikotini, ndiyo niasini, huponya ugonjwa wa mbwa unaofanana na pelagra, lakini bado kulikuwa na fumbo: maziwa yana niasini kidogo sana, mbona yanaponya? Jibu lilipatikana mwaka 1945, watafiti walipoona kwamba triptofani inaweza kuziba pengo la niasini. Mimi huona kwamba hii ndiyo kazi ya triptofani iliyookoa watu wengi kuliko nyingine zote, lakini haiandikwi kwenye chupa kwa kuwa haiuzi.

Bado leo pelagra hutokea kwa mtu anayekula vizuri, na sababu zake hufundisha. Kuna uvimbe wa utumbo uitwao kasinoidi ambao chembe zake hutengeneza serotonini bila breki. Triptofani nyingi ya mwili huvutwa huko, na mgonjwa huishiwa niasini. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo huivuruga vitamini B6, na bila vitamini hiyo triptofani hukwama njiani kabla ya kufika kwenye niasini, ndiyo maana watumiaji wake huongezewa B6.

Tuje kwenye serotonini, ambayo ndiyo dada yako aliyoifikiria. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo tumboni, katika chembe za ukuta wa utumbo, ambako husimamia mwendo wa chakula na huhusika na kichefuchefu. Chembe sahani za damu huichukua ikiwa inapita na kuitumia wakati wa kugandisha damu kwenye jeraha. Serotonini hiyo ya tumboni haiwezi kuingia kwenye ubongo, kwa kuwa kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebana mno na haziipi nafasi. Ubongo hujitengenezea yake wenyewe, kwa triptofani inayoingia kutoka kwenye damu, na katika tezi ya pineali sehemu ya serotonini hiyo hugeuzwa usiku kuwa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba giza limeingia. Kwa hiyo swali la maana kwa mtu asiyelala si kiasi gani cha triptofani kimemezwa, bali ni kiasi gani kimeingia kwenye ubongo.

Mlango wa kuingilia ni mmoja, tena wenye foleni. Triptofani huvushwa kwenda ubongoni na kibebaji kilekile kinachobeba asidi amino nyingine kubwa: lusini, isolusini, valini, tirosini, fenilalanini, methionini na histidini. Zote hugombea nafasi, na kwa kuwa triptofani ndiyo chache kuliko nyingi kati ya hizo, hupata nafasi chache. Ukila kipande kikubwa cha nyama, triptofani kwenye damu huongezeka kweli, lakini washindani wake huongezeka zaidi, na matokeo yake ni kwamba kiasi kinachoingia ubongoni hakipandi, na wakati mwingine hushuka. Hiyo ndiyo maana ya kusindikizwa: triptofani ya chakula hufika mlangoni ikiwa imezungukwa na wenzake.

Kinyume chake hutokea kwa chakula cha wanga mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, John Fernstrom na Richard Wurtman walionyesha kwa panya kwamba insulini inayotolewa baada ya kula wanga huziondoa asidi amino shindani kwenye damu na kuziingiza kwenye misuli, lakini triptofani, ambayo sehemu yake kubwa husafiri ikiwa imeshikamana na albumini, protini mojawapo ya damu, hubaki nyuma. Foleni hupungua, nayo hupita. Jambo hili limeandikwa mno katika makala za afya, na wanaoliandika husahau kusema kwamba protini kidogo tu katika mlo huo, hata ikiwa ni asilimia 5 ya nishati yake, hulifuta. Milo halisi ya binadamu karibu yote ina protini zaidi ya hiyo.

Kidonge kinachomezwa tumbo likiwa tupu hakina washindani. Kiasi cha triptofani kwenye damu hupanda kwa kasi na washindani wake hubaki palepale walipokuwa, hivyo mlango huachwa wazi kwa ajili yake. Ndani ya ubongo, kimeng'enya kinachoanza kuigeuza kuwa serotonini kwa kawaida hakijashiba, maana yake ni kwamba kikiletewa triptofani zaidi hutengeneza zaidi, hakisemi basi. Kwa hiyo nakubaliana na chupa yako kwa jambo moja: vidonge hivyo huweza kweli kuongeza serotonini kwenye ubongo. Kwako wewe, hilo ndilo tatizo lenyewe.

Kabla sijaeleza tatizo hilo, nikujibu kwa haki kuhusu usingizi, kwa kuwa kuna watu wasiotumia dawa yoyote watakaosoma haya. Utafiti wa tangu miaka ya 1970 unaonyesha kwamba kiasi cha gramu 1 au zaidi humfanya mtu asinzie na hupunguza muda ambao mtu hukaa macho katikati ya usiku. Kiasi cha chini ya hapo matokeo yake ni hafifu. Hata hivyo tafiti nyingi ni ndogo na za muda mfupi, na mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2017 ulipendekeza, kwa msimamo wa tahadhari, kwamba triptofani isitumike kutibu ukosefu wa usingizi sugu. Kuhusu sonona hali ni dhaifu zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2002 ulikusanya tafiti 108 za triptofani na ndugu yake 5-HTP, kiambata kinachotokana nayo, na ni tafiti 2 tu, zenye washiriki 64 kwa jumla, zilizokuwa na ubora wa kutegemewa. Nikiulizwa na mtu mwenye afya njema asiyetumia dawa nyingine, huwa simkatazi kwa ukali. Humwambia atarajie kichefuchefu, kizunguzungu na mdomo kukauka, asiendeshe gari baada ya kumeza, na kwamba mjamzito aachane nayo.

Sasa hali yako. Serotonini ikishatoa ujumbe wake kati ya neva mbili, hufyonzwa kurudi ilikotoka ili iishe. Fluoksetini huziba tundu hilo la kurudia, na ndivyo inavyofanya kazi: serotonini hukaa muda mrefu zaidi pale inapohitajika. Ukiongeza triptofani, unafungua bomba huku mfereji wa kutolea maji ukiwa umezibwa. Kinachoweza kufuata huitwa sindromu ya serotonini. Mwaka 1986 madaktari walieleza wagonjwa watano waliopata madhara walipochanganya fluoksetini na triptofani, wakiwa na fadhaa, kutotulia na matatizo ya tumbo. Si kila anayechanganya hupatwa, na wengi wanaopatwa hupata hali nyepesi, lakini hakuna anayeweza kukuambia mapema wewe utaangukia upande gani.

Dalili zake huanza haraka, mara nyingi ndani ya saa 6 na kwa wengi ndani ya saa 24 tangu kumeza au kuongeza kiasi. Mtu huanza kutetemeka na kutoka jasho jingi, moyo hupiga mbio, mboni za macho hupanuka, tumbo huharisha, naye hashikiki kwa fadhaa. Alama ambayo daktari huitafuta zaidi iko miguuni: huushika wayo wa mgonjwa aliyelala na kuusukuma ghafla kuelekea juu, na badala ya kutulia, wayo hupigapiga wenyewe kama unaokanyaga pedali ya cherehani. Hali ikizidi, misuli hukakamaa, homa hupanda kupita nyuzi 40 na mgonjwa huchanganyikiwa. Hapo ni dharura ya hospitali, si ya kusubiri asubuhi. Kama ulishameza vidonge hivyo na ukaona dalili hizi, nenda hospitali ukiwa umebeba chupa zote mbili mkononi, kwa sababu daktari asiyejua ulichomeza anaweza kudhani ni malaria kali au sumu nyingine.

Usije ukafikiri kwamba suluhisho ni kuacha fluoksetini kwa siku chache ili upate nafasi ya triptofani. Fluoksetini na kile inachogeuka kuwa hukaa mwilini kwa wiki nyingi, kiasi kwamba daktari anayetaka kumhamishia mgonjwa kwenye dawa fulani nyingine za sonona humtaka asubiri wiki 5 baada ya kidonge cha mwisho. Ungekuwa umeondoa tiba inayokusaidia bila kuondoa hatari. Iko sababu nyingine pia. Watafiti waliowanywesha watu mchanganyiko wa asidi amino usio na triptofani, ili kuishusha kwenye damu kwa saa kadhaa, waliona kwamba watu wenye afya hawakubadilika sana, ila wengi wa waliopona sonona kwa dawa za jamii ya fluoksetini walirudiwa na huzuni siku hiyo hiyo, kisha wakatulia walipokula chakula cha kawaida. Maana yake ni kwamba dawa yako inaitegemea triptofani ya kawaida ya chakula, na kwa hiyo unahitaji milo yenye protini ya kutosha. Huhitaji kidonge juu yake.

Sumatriptani ulinitajia kama jambo dogo, nami nafurahi uliitaja. Hufanya kazi kwa kugusa vipokezi vya serotonini, na makaratasi yake hubeba onyo kuhusu kuitumia pamoja na dawa kama yako. Hatari halisi ya dawa hizo mbili pamoja imeonekana kuwa ndogo mno, na madaktari wengi huziandika zote. Endelea kama daktari alivyokuelekeza. Vitu vya kuwa macho navyo zaidi ni vile vinavyopatikana bila kuulizwa maswali: dawa ya kikohozi yenye dekstromethofani, dawa ya maumivu ya tramadoli, vidonge vya mmea wa Mtakatifu Yohana, na 5-HTP, ambayo ni triptofani iliyokwisha kuvuka hatua ya kwanza na kwa hiyo huruka ile breki kidogo iliyokuwepo. Niliwahi kumhudumia mtu aliyeandika "hakuna" kwenye nafasi ya dawa anazotumia, kisha alipofungua mkoba kutafuta miwani zikatoka chupa nne. Hakuwa amedanganya, kwake yeye zile zilikuwa virutubisho.

Na virutubisho vina historia yao. Mwishoni mwa mwaka 1989 madaktari wa jimbo la New Mexico, Marekani, waliona wagonjwa wenye maumivu makali ya misuli na ongezeko kubwa la eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Wote walikuwa wakimeza triptofani. Ugonjwa ulienea, watu zaidi ya 1,500 wakaugua Marekani peke yake na zaidi ya 30 wakafariki, na wengine walibaki na ngozi ngumu na ganzi kwa miaka. Uchunguzi ulielekeza kwenye triptofani ya kiwanda kimoja cha Japani, ambacho kilikuwa kimebadilisha bakteria wa kuizalisha na kupunguza hatua ya kuichuja, na ndani yake zikakutwa kemikali za uchafu. Uuzaji ulizuiwa kwa miaka mingi, na leo triptofani imerudi madukani ikiwa na masharti bora ya usafi. Sikuelezi haya ili uogope kila chupa. Ninachotaka ujue ni kwamba kidonge huwa salama kwa kadiri ya kiwanda chake, na kwamba virutubisho kwa kawaida havipimwi kwa ukali unaopimiwa dawa.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami nadhani ndilo lenye jibu la usiku wako. Unameza fluoksetini baada ya chakula cha usiku. Dawa hii, tofauti na baadhi ya dawa za sonona zinazoleta usingizi, huchangamsha, na kukosa usingizi ni miongoni mwa madhara yake yanayojulikana sana. Ndiyo sababu kwa kawaida huelekezwa imezwe asubuhi. Mwulize daktari au mfamasia wako kuhusu kuihamishia asubuhi. Kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, kuchelewesha kidonge kimoja kutoka usiku hadi kesho yake asubuhi hakuvurugi tiba, na ili usisahau unaweza kukiweka kando ya mswaki. Yape wiki mbili hivi mabadiliko hayo kabla ya kuyahukumu.

Mwambie daktari pia saa unazoamka, kama ulivyoniandikia mimi: kuamka saa nane na kutolala tena kunaweza kuwa ni dawa, na kunaweza kuwa ni mabaki ya sonona yenyewe, na yeye ndiye anayeweza kutofautisha. Wakati huo huo, acha kuangalia dari. Ukiona umekaa macho kwa muda unaofanana na dakika 20, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu ufanye jambo lisilokusisimua, urudi usingizi unapokuja, na uamke saa ile ile kila asubuhi hata kama usiku ulikuwa mbaya. Njia hii ni sehemu ya tiba ya kubadili mazoea ya kulala, na matokeo yake kwa ukosefu wa usingizi sugu yamethibitishwa kuliko ya kidonge chochote kilichotajwa hapa.

Maziwa yako usiyaache. Glasi moja ina zile miligramu 100 za triptofani nilizozitaja, zikiwa zimesindikizwa na washindani wake wote, hivyo hazina uwezo wa kugongana na fluoksetini. Kama yanakuletea usingizi, huenda ni kwa sababu ni ya vuguvugu na umezoea kuyanywa unapojiandaa kulala. Kunywa tu, ila kama huwa unaamka kwenda haja ndogo, yanywe mapema kidogo, kwa muda wa saa moja hivi.